Kemu kubwa kwenye 4A-GE: springi gani, riteina zipi?

"Fundi, hujambo? Nina Corolla AE92 ya 1990 yenye injini ya 4A-GE, vavu 16. Naendesha autokrosi, zile mbio fupi za kona nyingi, hapa Nakuru na siku nyingine naenda nayo kazini. Nimepata jozi ya kemu zilizotumika, digrii 272, mnyanyuko milimita 8.8, na nataka injini ifike raundi 8,200 kwa dakika. Springi zangu ni za kiwandani, hazijawahi kubadilishwa. Fundi wangu anasema tuweke washa, vile visahani vyembamba vya chuma, chini ya springi hizo hizo zikaze. Muuza spea anasema huko ni kubahatisha, ninunue springi za mbili kwa kila vavu, ngumu kuliko zote alizo nazo, pamoja na riteina za titani. Hela yangu si nyingi na sitaki kurudia kazi. Nimsikilize nani?"

Sijambo, ndugu yangu. Nafurahi umeuliza kabla ya kufungua hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye vavu. Maswali mengi ya namna hii hunifikia yakiwa na picha ya vavu iliyopinda na pistoni yenye tundu.

Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili. Unaogopa injini isije ikajivunja kwenye raundi za juu, na unaogopa kutoa hela kwa kitu usichokihitaji. Fundi wako ana kipande cha ukweli, na muuza spea ana chake. Ila wote wawili wanajibu swali la ugumu: tukaze kiasi gani? Mimi ningeanza na swali la nafasi. Vavu yako sasa itashuka zaidi ya ilivyozoea. Je, springi ina pa kujikunja? Riteina ina pa kushukia? Ukishapata majibu hayo kwa kaliper, suala la ugumu linakuwa jepesi.

Kwanza tukubaliane majina, maana kila gereji ina yake. Kemu ni ule mti unaozunguka na kufungua vavu. Digrii zake ni muda ambao inaishikilia vavu wazi, ukipimwa kwa mzunguko wa krenkshafti, na mnyanyuko ni umbali ambao vavu inafunguka. Tapeti ninaita kile kikombe kinachosukumwa na kemu. Shimu ni kisahani cha kurekebishia uwazi wa vavu. Riteina ni kofia ndogo inayokaa juu ya springi, na koleti ni vile vipande viwili vya nusu duara vinavyobana mti wa vavu ndani ya riteina. Nundu ni ile sehemu ya kemu iliyochomoza.

Watu wengi wanadhani kazi ya springi ni kufunga vavu tu. Kazi yake ngumu zaidi iko kwingine, karibu na kilele cha nundu. Kemu inapoanza kunyanyua, ndiyo yenyewe inayoisukuma vavu iende kasi. Nundu inapokaribia kilele inapunguza mwendo, lakini vavu, riteina na tapeti tayari zina kasi na zinataka kuendelea kwenda. Hapo springi ndiyo inayovishika vitu hivyo vyote na kuvilazimisha vifuate umbo la kemu. Ikishindwa, tapeti inaachana na kemu na kuruka hewani, kisha inarudi kwa kishindo na vavu inadunda kwenye siti yake, pale inapokalia ikifunga. Hiyo ndiyo vavu kuelea. Dereva husikia injini imegoma kupanda, inakohoakohoa, naye hudhani ni mafuta au plagi. Wakati huo vavu iliyochelewa kurudi inakutana na pistoni inayopanda.

Kwenye raundi 8,200 kila vavu inafunguka na kufunga mara 4,100 kwa dakika, kama mara 68 kwa sekunde moja. Na nguvu ya kuizuia vavu haipandi sambamba na raundi; inapanda kwa mraba wake. Kutoka 7,500, ambako ndiko karibu na alama nyekundu ya injini yako, hadi 8,200 ni ongezeko la asilimia 9 tu, lakini nguvu inayotakiwa inaongezeka kama asilimia 20. Ndiyo maana raundi 300 za mwisho huvunja injini ambayo ilikuwa salama siku zote.

Hapa nataka nikuoneshe kitu ambacho muuza spea hakukuambia, labda kwa sababu hata yeye hajakipigia hesabu. Kemu ya kiwandani ya injini yako ina takriban digrii 240 na inanyanyua milimita saba na kitu, tuseme 7.5. Yako mpya inanyanyua 8.8, yaani asilimia 17 zaidi. Lakini inafanya hivyo ndani ya digrii 272 badala ya 240, kwa hiyo ina muda mrefu zaidi wa kupanda na kushuka. Kwa hesabu ya mkono, ukali wa mwendo wa vavu unakwenda na mnyanyuko ukigawanywa kwa mraba wa digrii. Ukipiga hiyo hesabu, kwenye raundi zile zile kemu yako mpya ni laini kidogo kuliko ya zamani. Ukiongeza na raundi hadi 8,200, mahitaji ya springi yanapanda kama asilimia 9 hivi. Hii ni hesabu ya kukadiria, na inategemea digrii za kemu zote mbili ziwe zimepimwa kwa namna moja. Kuna kemu zenye mbavu kali zinazofungua ghafla na kufunga ghafla, na hizo zinadai springi zaidi. Kwa hiyo karatasi ya mtengenezaji wa kemu ndiyo inayotawala, si hesabu yangu. Lakini umeona ukubwa wa jambo lenyewe: huhitaji springi yenye nguvu maradufu.

Sasa nafasi. Nitatumia springi ya mfano, namba za kufundishia tu, usizichukue kuwa za injini yako. Tuseme vavu ikiwa imefunga, springi imekaa kwenye kimo cha milimita 35 na inasukuma kwa kilo 20. Kila milimita unayoikandamiza inaongeza kilo 3. Na ukiikandamiza mpaka mizunguko yake yote igusane, imebaki milimita 24.5, haiendi zaidi. Kwa kemu ya 7.5 springi inashuka hadi 27.5, inasukuma kilo 42.5, na bado ina milimita 3 kabla ya kugusana. Kwa kemu yako ya 8.8 inashuka hadi 26.2, inasukuma kilo 46.4, imebakiwa na 1.7. Angalia: kwa kukandamizwa zaidi tu, springi ile ile imeongeza nguvu asilimia 9 pale juu, karibu sawa na ilichohitaji. Kinachokaribia kwisha ni nafasi.

Weka sasa washa ya milimita 1 ya fundi wako. Kimo kinakuwa 34, nguvu ya kuanzia kilo 23, na kwenye kilele 49.4. Inapendeza. Lakini springi sasa inashuka hadi 25.2, na nafasi iliyobaki ni milimita 0.7. Kwenye injini za kufanya kazi hivi tunaacha kama milimita 1.5, kwa sababu kwenye raundi za juu springi hailali kama unavyoiona mezani, inatetema ndani yake yenyewe. Mizunguko ikigusana, kemu haina tena springi mbele yake, ina gogo la chuma. Kitu kitavunjika: nundu, tapeti, riteina, au mkanda wa taimingi utaruka meno.

Simlaumu fundi wako. Shimu za chini ya springi, yaani hizo washa zake, zipo na zina kazi yake halali. Siti ya vavu ikichongwa, vavu inazama ndani ya hedi na mti wake unachomoza zaidi juu. Ikizama milimita 0.4, springi yetu ya mfano inakaa kwenye 35.4 na nguvu yake ya kuanzia inashuka hadi kilo 18.8. Hapo unaweka shimu ya 0.4 na kila kitu kinarudi mahali pake. Shimu hurudisha kimo kilichopotea. Kuifanya iwe dawa ya springi iliyochoka, huku ukiongeza mnyanyuko, ni kula nafasi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Na springi zako zimechoka. Zina zaidi ya miaka thelathini. Springi ya vavu haifi kwa kuvunjika tu. Hupoteza nguvu polepole, na moja hupoteza zaidi ya jirani yake. Unaweza kujipimia mwenyewe. Chukua mizani ya kupimia uzito wa mtu, iweke chini ya mashine ya kutobolea ya kusimama, weka kipande cha chuma bapa juu yake, simamisha springi, kisha ishushe kwa mkono wa mashine mpaka ifike kimo cha kufungwa. Soma kilo. Fanya hivyo kwa zote 16 na uandike. Vaa miwani ya kazi, na hakikisha springi imesimama wima, maana ikichomoka ni risasi. Ukikuta zimepishana zaidi ya asilimia kumi, au zote ziko chini ya kiwango cha kitabu cha injini, hakuna washa itakayozitibu.

Kuhusu "ngumu kuliko zote". Naelewa kwa nini inavutia. Mtu anahisi ananunua usalama. Lakini nguvu yote ya springi inapita kwenye mstari mwembamba ambapo nundu inagusa tapeti. Ukizidisha, nundu inakwaruzika na tapeti inachimbika, siti zinagongwa kwa nguvu kila vavu inapofunga, koleti zinavutwa, mkanda unabeba mzigo zaidi, na joto linaongezeka kwenye oili. Tena springi ngumu kwa kawaida ni ya waya mnene, na waya mnene ni mzito. Ugumu unapanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya: ukitoka milimita 4.0 kwenda 4.4, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 46, mambo mengine yakibaki vilevile. Sehemu ya huo uzito inabidi isogezwe na springi hiyo hiyo. Na mizunguko ikiwa minene, inagusana mapema. Kwa hiyo springi ngumu kuliko zote inaweza kuwa ndiyo yenye nafasi ndogo kuliko zote.

Springi za mbili, moja ndani ya nyingine, zina faida ya kweli. Zikisuguana kidogo zinazuia ule mtetemo wa ndani, na moja ikivunjika, ya pili huweza kuishikilia vavu isidondokee kwenye silinda. Lakini hedi yako ilitengenezwa kwa springi moja. Za mbili zinataka riteina zake, vikalio vyake vya chini, na mara nyingine hedi ichongwe kuzipokea. Ni gharama juu ya gharama. Kwa 8,200 na mnyanyuko wako, springi moja nzuri, mpya, iliyotengenezwa kwa 4A-GE yenye kemu za namna hiyo, inatosha. Ukipata zenye mizunguko iliyobanana upande mmoja, upande uliobanana unakaa chini, kwenye hedi, si juu kwenye riteina.

Nije kwenye riteina, na nikusimulie kisa. Miaka iliyopita nililetewa injini iliyokuwa imewekwa kemu kubwa na springi mpya za bei kabisa. Ndani ya wiki mbili ikaanza kutoa moshi wa bluu kila asubuhi ikiwashwa. Mwenye gari alishabadilisha sili za vavu, vile vimpira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda, mara moja, moshi ukarudi. Tulipofungua, nilichukua riteina moja nikaigeuza juu chini. Chini yake, kwenye ule mdomo wa katikati, kulikuwa na pete ndogo inayong'aa kama sarafu mpya, na sili iliyokuwa chini yake ilikuwa imechanika mdomo wa mpira na kupondwa. Springi zilikuwa sahihi. Hakuna aliyepima umbali kati ya riteina na sili. Kila vavu ilipofunguka hadi mwisho, riteina ilikuwa inapiga juu ya sili kama nyundo. Umbali huo unatakiwa uwe mnyanyuko wa kemu na milimita 1.3 hadi 1.5 za akiba. Kwako wewe ni kama milimita 10.3. Pima vavu zote 16, usipime moja ukasema zote ni hivyo.

Titani je? Ni nyepesi kweli: kwa umbo lile lile, riteina ya titani ina uzito pungufu ya ile ya chuma kwa asilimia 40 na zaidi kidogo. Lakini kwenye injini ambayo kemu inasukuma tapeti moja kwa moja kama yako, riteina ni sehemu ndogo ya uzito unaosogea. Vavu na tapeti ndizo nzito. Ukiokoa gramu 4 kwenye jumla ya gramu 90, umeokoa asilimia 4 hivi, na hiyo inakupa kama raundi 170 za ziada pale juu. Si haba kwa gari la mashindano matupu ambalo hedi yake hufunguliwa kila msimu. Kwa gari linalokwenda pia kazini, titani ina udhaifu wake: pale springi inapokalia inalika, hasa springi ikiwa haikai sawasawa kwenye kingo ya riteina, na inataka kukaguliwa. Riteina nzuri za chuma cha kromoli zitaishi miaka bila kukusumbua. Hela ya titani ningeipeleka kwingine. Na kama utanunua hata hivyo, nenda na sumaku. Titani haishikwi na sumaku, lakini aluminiamu pia haishikwi, kwa hiyo sumaku inakukinga na chuma kilichopakwa rangi tu. Uzito mkononi ndio utakaokutofautishia aluminiamu, ambayo ni nyepesi zaidi na haifai kabisa kwa gari la kila siku.

Riteina na koleti zinunuliwe kwa pamoja, za mtengenezaji mmoja. Ule mteremko wa ndani wa riteina lazima ulingane na mteremko wa koleti. Zikipishana digrii chache tu, koleti inashika sehemu ndogo, inajichimbia njia, na siku moja inapita. Vavu inadondokea ndani.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lingenikosesha usingizi kwenye mpango wako. 4A-GE ya vavu 16 ina shimu juu ya tapeti: kile kisahani kimekaa wazi juu, na nundu inakipangusa moja kwa moja. Kwenye tapeti bapa, kadiri nundu inavyonyanyua kwa kasi, ndivyo mahali pa kugusana panavyosogea kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa kemu za kiwandani, na zile za mnyanyuko wa milimita 8 au zaidi kidogo, mguso unabaki juu ya kisahani. Ukipanda zaidi ya hapo unakaribia ukingo wake, na vavu ikielea hata mara moja, nundu inaweza kukichokonoa kisahani na kukirusha nje. Kisahani cha chuma kigumu kikitembea kati ya kemu na hedi kwenye raundi 8,000, hakiachi kitu kizima. Kwa 8.8 unahitaji tapeti za shimu chini, ambapo shimu ndogo hukaa kwenye ncha ya mti wa vavu, imefunikwa na tapeti yenyewe. Hakuna springi duniani itakayokuepusha na hilo.

Na hapo riteina inarudi kwenye mazungumzo. Shimu hiyo ndogo inakaa ndani ya kishimo cha riteina. Lazima ikalie ncha ya mti wa vavu, isikalie riteina. Ikikalia riteina, kila pigo la kemu linaisukuma riteina chini na kuzilegeza koleti. Kuhakikisha ni rahisi: paka wino wa bluu wa mafundi kwenye ncha ya vavu, weka shimu, ibonyeze na kuizungusha kidogo kwa kidole, itoe. Alama ikiwa katikati ya shimu, uko salama. Shimu ikitoka bila alama katikati, simama hapo hapo.

Kwa hiyo una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kwenda na kemu zako za 8.8, na hiyo ina maana ya tapeti za shimu chini, riteina na koleti zinazolingana nazo, springi mpya za moja, sili mpya, na kompyuta itakayopangwa upya, kwa sababu kemu ya digrii 272 inavuruga mvuto wa hewa injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma tu bila kukanyagwa mafuta. Ya pili ni kuziuza kemu hizo na kutafuta za digrii 256 hadi 264 zenye mnyanyuko wa milimita 8 hivi, ukabaki na tapeti zako, ukanunua springi mpya na sili, ukaweka ukomo kwenye 7,800. Ningekuwa mimi, kwa gari la kazini na autokrosi, ningechukua ya pili bila kusita. Kwenye autokrosi unatoka kona fupi ukiwa na raundi 4,000 au 5,000, na hapo ndipo 272 itakapokuangusha. Jinsi Nakuru ilivyo juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na injini ndogo tayari inahema kwenye raundi za chini, usiipunguzie zaidi. Lakini kama moyo wako uko kwenye 8,200, fanya ya kwanza, na uifanye yote. Usifanye nusu. Nusu ya njia ya kwanza ni mbaya kuliko kubaki na injini ya kiwandani.

Kabla ya kuagiza chochote, pima. Funga vavu moja na riteina yake na koleti bila springi, ivute juu kwa mkono ikae kwenye siti, kisha pima kutoka pale springi inapokalia hadi chini ya riteina. Hicho ndicho kimo chako cha kufungwa. Kikalio cha chuma cha chini kiwepo wakati unapima, maana kina unene wake, na kisiachwe wakati wa kufunga, la sivyo springi itaitafuna aluminiamu ya hedi. Kwa namba hiyo mkononi, mwambie muuza spea: nataka springi ya kilo kadhaa kwenye kimo hiki, inayobakiwa na milimita 1.5 kwenye mnyanyuko huu. Asipoweza kukujibu kwa namba, ana springi za kuuza, hana springi zako.

Kemu zilizotumika nazo zipimwe. Nyingine zilichongwa kutoka kemu za kawaida, na upande wake wa duara ni mdogo, kwa hiyo tapeti inakaa juu zaidi na inataka shimu nene. Pitisha kucha kwenye ncha ya kila nundu. Ukihisi mikwaruzo, zirudishe.

Watu watakuambia 4A-GE haigonganishi vavu na pistoni hata mkanda ukikatika. Hata kama ni kweli kwa kemu za kiwandani, kemu yako inaibadilisha habari hiyo. Bandika udongo wa kuchezea watoto kwenye pistoni, ukiwa umeupaka oili kidogo, funga hedi na gasketi ya zamani, panga taimingi, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili ya krenkshafti, fungua, kata udongo kwa wembe na upime pale ulipobonyea zaidi. Vavu za hewa zinataka angalau milimita 2, za moshi 2.5, kwa sababu za moshi hurefuka kwa joto na pistoni huzikimbiza kutoka nyuma.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ikiwa spana itagoma popote wakati wa kuzungusha kwa mkono, usiongeze nguvu na usipige stata. Tafuta mtu mwenye uzoefu wa hedi za mashindano aje aone kwa macho yake. Kama siti zimechongwa na vavu zimesimama kwa vimo tofauti, ipeleke hedi kwenye karakana yenye kifaa cha kupimia springi, wakupangie shimu vavu kwa vavu. Na ukipata tofauti yoyote kwenye kilo za springi ambayo huielewi, usikisie.

Wakati wa kufunga, usishike springi kwa koleo tupu. Mkwaruzo mdogo kwenye waya ndipo ufa unapoanzia, na kutu vilevile; springi zikae kwenye oili mpaka siku ya kufungwa. Nundu na tapeti zipakwe grisi ya kufungia kemu, oili iwe yenye zinki ya kutosha, na injini ikiwaka tu iweke kwenye raundi 2,000 kwa dakika ishirini, usiiache ikae silensa. Baada ya kilomita 500 fungua kifuniko, pima uwazi wa vavu zote, na ulinganishe na ulivyoandika mwanzo. Vavu ambayo uwazi wake umepungua, siti yake inazama au koleti zinajivuta. Hiyo ishughulikie kabla hujaingia tena uwanjani.